Katesh baada ya tope: nyumba zimehesabiwa, biashara je?

Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Desemba 2024 waathirika wakakabidhiwa nyumba 109 huko Waret. Habari ya kufufuka kwa Katesh imeshonwa kwa vipande vitatu: idadi, kiongozi na picha ya makabidhiano. Ushonaji huo una nguvu, kwa kuwa nyumba huonekana, huhesabika na huwa na siku ya kuzinduliwa. Lakini unachoeleza ni makazi. Uchumi wa mji haujaguswa katika habari hiyo.

Katesh ni makao makuu ya Wilaya ya Hanang, kwenye barabara kuu ya Babati–Singida. Mji huu unaishi kwa mzunguko: mfugaji anauza ng'ombe mnadani, fedha inaingia dukani, kwa mama lishe, kwa bodaboda, kisha inarudi shambani kununua mbegu. Tope lilikata mzunguko huo, hivyo kipimo cha kufufuka kimo humo humo. Fremu ngapi za maduka zina wapangaji? Aliyepoteza mtaji ameupata wapi, na kwa riba gani? Aliyehamia Waret analipa nauli kiasi gani kufika sokoni? Maswali haya hayana utepe wa kukata, ndiyo maana ni rahisi kuyaruka.

Hanang imewahi kulipia hesabu ya namna hii. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, katika tambarare za Basotu, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua takriban ekari 100,000. Waret ni jina la mojawapo ya mashamba hayo. Mafanikio yalipimwa kwa magunia na matrekta. Malisho waliyopoteza wafugaji Wabarabaig, pamoja na makaburi ya wazee wao yaliyolimwa, hayakuwa na safu katika hesabu hiyo. Kisichohesabiwa hakikutoweka, kilihamia kwa wasiosikika, kikaishia mahakamani.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi wa wilayani hulipwa kwa habari moja moja, hana nauli ya kurudi kila mwezi, na waliofiwa wanahitaji tumaini kuliko takwimu. Hoja ya nauli ni ya kweli, lakini inawahusu wahariri, ambao ndio wanaopanga bajeti. Hoja ya tumaini haikai sawa: tumaini linalosimama juu ya picha ya siku moja huvunjika kodi ya fremu inapodaiwa. Wala kuuliza habari za mtaji si kubeza nyumba. Paa ni mwanzo wa kurudi, na mwanzo hauwezi kuandikwa kama mwisho. Wahariri, mtumeni mwandishi Katesh siku ya mnada, bila msafara, akahesabu kinachouzwa na kinachorudi nyumbani bila mnunuzi.