Kiswahili cha Nyumba ya Mbogani

Mwalimu wa Kiswahili anayewapeleka wanafunzi wake Nairobi ana sababu nzuri ya kufika mtaa wa Karen, kwenye nyumba aliyoishi mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, tangu 1917 hadi 1931. Nyumba inapendeza, hilo hatulikatai. Ilijengwa 1912 kwa mawe, ina veranda, bustani ya nyasi na miti mikubwa, na Milima ya Ngong inaonekana kwa mbali. Denmark iliikabidhi serikali ya Kenya baada ya uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Wakati wa Blixen shamba lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, na kama 600 kati yake zilikuwa za kahawa.

Wageni wengi huja wakiwa na Kiingereza cha kitabu chake, Out of Africa (1937), au cha filamu ya 1985. Hata hivyo lugha ya kazi katika shamba lile ilikuwa Kiswahili. Ndicho bibi huyu alichotumia kwa vibarua wa Kikuyu, na bila hicho kitabu kisingeandikwa. Jina la nyumba, Mbogani, huelezwa kuwa maana yake ni nyumba ya msituni. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza angeuliza kama si mahali penye mboga!

Kiswahili hicho ni kile tunachokiita Kisetla: vitenzi vimenyang'anywa viambishi vya nafsi, na "memsahib" amekuwa "msabu". Ni lugha ya kuagiza. Sisi wa Uganda tunaijua vizuri, kwa kuwa Kiswahili kilitufikia wengi wetu kupitia kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi, lakini darasani bado tunakutana na wanafunzi ambao wazazi wao wanakihofia.

Kinachotukera zaidi ni sehemu ya kitabu ambapo Blixen anawatungia vijana wa shambani mishororo ya Kiswahili yenye vina, isiyo na maana yoyote. Vijana wanafurahi, wanataka aendelee. Mwandishi anaeleza kwamba wenyeji wana hisi kali ya mahadhi lakini hawakujua ushairi kabla ya shule na nyimbo za dini. Kama anakusudia vina vya mwisho kwa Wakikuyu, pengine tungemwachia. Lakini Wakikuyu walikuwa na gĩcandĩ, ushairi wa kujibizana kwa mafumbo, na lugha yenyewe aliyoichezea ilikuwa na Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake ni wa 1728. Idara zetu zimegombana kwa miongo kadhaa kuhusu vina na mizani, tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, halafu tunaambiwa vina vililetwa na mwenye shamba la kahawa.

Si haki kusema kwamba Blixen hakuwajali watu wake. Shamba lilipouzwa 1931 alihangaika ili maskwota wapewe ardhi mahali pamoja. Anawapenda, na anawaandika kwa uzuri. Tatizo ni kwamba uzuri huo humfanya msomaji asiulize ardhi ile ilikuwa ya nani kabla yake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliuliza kwa ukali katika insha iliyomo ndani ya Moving the Centre (1993), akionyesha jinsi mpishi anavyofananishwa na mbwa.

Mpishi huyo ni Kamante Gatura. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1975 kwa jina la Longing for Darkness, nazo pia kwa Kiingereza. Tunapendekeza wanafunzi wavichukue vitabu vyote vitatu, wakae kwenye nyasi za bustani ile, na kila mmoja atafsiri ukurasa mmoja wa Kamante kwa Kiswahili chenye viambishi vyake vyote.