Sukari ya Mama na Daftari la Mtoto

Katika vitabu vya watoto vitokavyo Marekani kuna kisa kimoja kinachorudiwa mara nyingi, hata waweza kusema kimekuwa ngano ya taifa lile. Mtoto wa miaka minane au kumi anakamua malimau, anachanganya maji na sukari, anatoa meza nje ya nyumba yao, anaandika bei juu ya kipande cha boksi, na majirani wanapita wakinunua. Jioni anahesabu fedha, na wazazi wake wanafurahi kwamba mtoto amejifunza biashara. Kisa hiki kimekwisha kutufikia kwa njia ya vitabu vya Kiingereza, na siku hizi huwasikia wazazi wenye uwezo, hata hapa Bariadi, wakiuliza kwa nini watoto wao nao wasifanye vivyo hivyo. Ningependa kukipima kama tunavyopima hadithi yoyote: kinasema nini, kinanyamaza wapi, na sisi wa Simiyu tukipokee vipi.

Kinachosema ni kizuri. Kinasema kwamba mtoto anaweza kubuni jambo, akasimama mbele ya mtu mzima asiyemjua, akataja bei bila kuona haya. Huo ni ujasiri, nami siubezi. Lakini malimau yametoka wapi? Sukari nani kainunua? Meza, jagi, glasi na maji ni vya nani? Aghalabu majibu yote yako jikoni kwa mama, na kisa hakifungui mlango wa jiko. Mtoto anahesabu alichouza na kukiita faida. Kwa mwalimu wa hesabu hilo ni kosa, lakini katika hadithi limekuwa ndiyo furaha ya mwisho.

Hata hivyo, haki itendeke. Marekani hiyohiyo ilitoa kazi moja iliyosema ukweli kuhusu jambo hili, nayo si kitabu, bali ni mchezo wa kompyuta. Uliandikwa mwaka 1973 na Bob Jamison, katika taasisi ya Minnesota iliyokuwa ikitengeneza programu za kufundishia mashuleni, na mwaka 1979 ukahamishiwa kwenye kompyuta za Apple. Mchezaji anaanza na dola 2. Kila siku anaambiwa hali ya hewa, kisha anaamua mambo matatu: atengeneze glasi ngapi, aweke mabango mangapi ya kujitangaza, kila moja kwa senti 15, na auze glasi moja kwa bei gani. Siku mbili za kwanza glasi moja inamgharimu senti 2. Siku ya tatu anaarifiwa kwamba mama ameacha kumpa sukari ya bure, na gharama inapanda ghafla hadi senti 4. Baadaye hupanda tena. Ikinyesha mvua ya ngurumo, kila alichotengeneza kinaharibika.

Mimi naiona habari ile ya siku ya tatu kuwa ndiyo fundisho bora kuliko yote yaliyoandikwa juu ya meza ya malimau. Kwa sentensi moja fupi mtoto anajulishwa kuwa tangu mwanzo alikuwa akifadhiliwa. Mchezo haumkaripii wala haumhubirii. Unambadilishia hesabu tu, na kumwacha aone mwenyewe.

Pamoja na hayo, mchezo una upungufu wake, na upungufu huo unaonekana wazi mtu akiutazama akiwa Bariadi. Mchezaji akifilisika anaanza upya na dola 2 nyingine. Hakuna mdogo wake anayelilia glasi moja, hakuna jirani anayesema atalipa kesho, wala hakuna kengele ya shule. Kwetu mambo hayo ndiyo biashara yenyewe.

Hapa watoto hawauzi maji ya limau. Wanauza karanga, mayai ya kuchemsha, michembe, na hasa wakati wa jua kali, barafu za ukwaju na za ubuyu zilizofungwa katika vifuko vidogo. Utawaona stendi ya mabasi, kwenye minada, na popote palipo na mkusanyiko. Mwaka 2018, maonyesho ya Nanenane ya kitaifa yalipofanyika Nyakabindi, nilipita kwenye mabanda ambamo watu wazima walikuwa wakielezwa maana ya ujasiriamali kwa vipeperushi vya rangi. Nje ya uzio walikuwapo wajasiriamali wenyewe, baadhi yao hawajafika kimo cha kuchungulia ndani ya banda. Binti mmoja mwenye ndoo ya barafu alinisalimu, "Shikamoo babu." Nikaitikia, nikanunua, nikamwuliza faida yake ya siku ile. Akajibu haraka, "Nimeuza elfu tatu." Nikamwuliza tena, faida je? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali lilelile mara mbili.

Tangu hapo nimewauliza watoto wengi swali hilo, na takriban wote hunijibu kwa mauzo. Wala si kwamba hawana akili. Wengi wanarudisha chenji upesi kuliko mimi. Ni kwamba hakuna aliyewaonyesha upande wa pili wa hesabu, kwa sababu mtaji si wao na fedha si zao. Mama anatengeneza, mtoto anatembeza, jioni ndoo na fedha vinarudi kwa mama.

Tufanye mfano mdogo. Tuseme ukwaju ni shilingi 1,000, sukari kilo moja 3,000, vifuko 500, na kugandisha katika jokofu la jirani 500. Jumla ni 5,000. Zikapatikana barafu 60, za shilingi 100 kila moja, yaani 6,000 zikiisha zote. Lakini nne zimeyeyuka, tatu zimeliwa na wadogo zake, na tatu zimekopwa na kondakta ambaye basi lake limekwisha ondoka. Zilizouzwa ni 50, fedha ni 5,000, na faida ni sifuri. Mtoto ametembea juani saa nne kwa sifuri. Kama sukari ilitoka jikoni bila kuhesabiwa, ataamini amepata faida ya 3,000, kumbe ni sukari ya uji wa wadogo zake iliyogeuzwa kuwa sarafu. Katika nyumba ya Marekani sukari ile haitaonekana imepungua. Katika nyumba nyingi za kwetu itaonekana asubuhi inayofuata.

Yasidhaniwe kuwa mambo haya ni mageni katika nchi yetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji, yenye shamba au karakana yake. Watu wengi hulikumbuka kwa sababu ya jembe. Wanaolisoma vizuri wataona kwamba uzito wake hauko kwenye jembe peke yake. Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, waone matokeo yake katika maisha yao ya shuleni, na wawe na sauti katika matumizi ya kile kilichopatikana. Yaani alitaka wakae na hesabu mbele yao.

Mashuleni jembe lilifika, hesabu haikufika. Mimi nilisoma shule ya msingi katika upande huu wa Usukuma mwishoni mwa miaka ya sabini, na tulikuwa na shamba la pamba. Tulipanda, tukapalilia, tukachuma na kuchambua, pamba safi huku na chafu kule. Siku ya kuuza lori lilikuja, marobota yakapakiwa, nasi tukaimba. Kilo zilikuwa ngapi, bei ilikuwa kiasi gani, dawa ilikatwa shilingi ngapi, hatukuambiwa, wala haikutujia kuuliza. Yaliandikwa katika daftari lililofungiwa kabatini. Kwa hiyo tulijifunza kuchoka, na wengine wetu tukajifunza kuichukia pamba. Kisa cha malimau kinamficha mtoto gharama. Shamba lile lilituficha mapato. Ni nusu mbili za kosa moja.

Jambo hili linauma zaidi likitokea Usukuma, kwa kuwa wazee wetu walikwisha kulitambua. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiwa wamechoka kupunjwa, waliajiri wapimaji wao wenyewe wa kusimama penye mizani za wanunuzi na kuhakiki uzito. Kutokana na vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, viliota vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya Waafrika katika bara hili. Halikuanza kwa mtaji mkubwa. Lilianza kwa watu waliodai kuiona mizani. Mjukuu wa watu hao asiyeweza kutofautisha mauzo na faida amenyimwa urithi wake.

Kuna wanaosema tuwaache watoto wauze, maisha yatawafundisha. Hapo hapana budi kuwa waangalifu. Mwaka 2019 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kuwaruhusu watoto kuuza maji ya limau bila kibali, ili maofisa wasiwasumbue. Sisi tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayoruhusu kazi nyepesi tangu umri wa miaka 14, kwa sharti kwamba isimdhuru mtoto wala kuathiri mahudhurio yake shuleni. Wao wanamlinda mtoto ili afanye biashara. Sisi tunamlinda dhidi ya biashara. Tofauti hii haitokani na kwamba wao wanawapenda watoto kuliko sisi. Mtoto wa Texas akifunga meza yake hakuna atakayelala na njaa. Ada na michango ya lazima iliondolewa katika shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, tangu Januari 2016, lakini sare, madaftari na unga wa nyumbani bado vinanunuliwa. Anayeuza barafu saa nne asubuhi siku ya Jumanne hajifunzi ujasiriamali hata kidogo. Anaziba pengo la nyumba kwa kutumia masomo yake, na hiyo ni gharama ambayo haimo katika mfano wangu wa shilingi 5,000.

Basi mzazi anayetaka mwanawe ajifunze biashara afanye nini? Amkopeshe mtaji mdogo, ijulikane kuwa ni mkopo. Sukari ya jikoni iandikwe bei yake hata kama haitalipwa. Auze Jumamosi, au jioni baada ya masomo, mahali panapoonekana na watu wanaomfahamu. Awe na daftari lenye safu nne: nilichonunua, nilichouza, kilichoharibika au kuliwa, na nilichokopesha. Jioni wahesabu pamoja, na kinachobaki baada ya mkopo kurudi kiwe chake, aamue mwenyewe kununua kalamu, kuongeza ukwaju, au kuwanunulia wadogo zake andazi. Siku ya hasara asikaripiwe wala asifidiwe kwa siri. Asome safu ya tatu aone barafu zake zilikokwenda. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali ya wakubwa tu.

Mama asiye na uwezo wa kukopesha hata 5,000 bado anaweza kufanya sehemu muhimu ya hayo. Anapokabidhiwa fedha jioni amwite mtoto akae, amwambie hii ni ya sukari, hii ya ukwaju, hii ya jirani mwenye jokofu, na hii iliyobaki ndiyo kazi yako na yangu. Ni maneno ya dakika mbili, wala hayahitaji semina.