Rele Haijui Nusu

Umeme wa Bukavu unatoka Ruzizi, mto unaoyapokea maji ya Ziwa Kivu na kuyashusha hadi Tanganyika. Kituo cha kwanza kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950; cha pili, ambacho Kongo, Rwanda na Burundi zinakimiliki pamoja kupitia kampuni ya SINELAC, kilianza kazi 1989. Mto hauna kigugumizi. Kigugumizi huanzia huku mjini, waya unapopanda vilima vya Kadutu ukigawanywa nyumba kwa nyumba, na jioni inapofika kila mpishi anachomeka jiko lake. Zile volti 220 tunazoahidiwa zinashuka hadi 170, siku nyingine chini ya hapo, na taa zinafifia.

Ndipo stabilizatere iliyo pembeni ya kongelatere inapolia: ka! Hiyo ni rele, na mimi ni mmoja wa wanaofurahi kuisikia. Ndani ya kisanduku kuna transfoma yenye njia kadhaa za kutolea umeme, na rele chache zinazochagua njia ipi itumike kulingana na hali ya waya wa nje.

Ukifungua kifuniko cha rele, hakuna kilichofichwa. Waya mwembamba wa shaba umezungushwa maelfu ya mara kwenye kijiti cha chuma laini. Hiyo ndiyo bobini. Umeme ukipita humo, chuma kinageuka sumaku na kuvuta ulimi mdogo ulioshikwa na springi, na ulimi unahamisha kontakti kutoka upande huu kwenda ule. Rele ndogo ya volti 12 inatumia takriban miliampea 30 kuamrisha ampea 10. Joseph Henry alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake wa Princeton wazo hilo katika miaka ya 1830. Chuma chenyewe lazima kiwe laini kweli, maana feleji ngumu ingebaki na usumaku hata baada ya umeme kukatika, na ulimi usingerudi.

Lakini uzuri wake hasa uko kwenye uamuzi. Chukua rele hiyo ya volti 12 uipandishie umeme taratibu. Kwenye 5, kimya. Kwenye 7, bado. Karibu na 9 ulimi unaanza kusogea, na hapo hapo mambo yamekwisha, kwa sababu nafasi ya hewa ikipungua sumaku inavuta kwa nguvu zaidi, na ikivuta zaidi nafasi inazidi kupungua. Ni kama mtego wa panya: ukishafyatuka hauishii nusu. Sasa rudisha volti chini. Kwenye 8 imeshika, kwenye 5 imeshika, na huenda ikakaa hivyo mpaka 3 au 2 ndipo iachie. Kuvuta kunahitaji nguvu nyingi, kushikilia kunahitaji kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayoizuia rele isipigepige kila umeme unapoyumba kidogo. Aliyepima urefu wa springi na upana wa nafasi ile mpaka tabia hiyo ikatokea alikuwa fundi wa kweli.

Fundi wa pili ni yule wa kibandani, mwenye chuma cha kulehemu na kipima umeme chenye waya zilizofungwa utepe.

“Papa fundi, imekufa?”

“Hapana, mama. Imeganda tu.”

Kuganda huko kuna sababu. Mota ya kongelatere inapoanza kuzunguka inadai mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na kontakti zinapogongana hurukaruka kwa muda mfupi mno, cheche zikipita katikati. Fedha iliyo kwenye ncha zake inayeyuka na kushikana. Fundi anazibandua kwa ncha ya kisu, halafu anavuta ukanda wa karatasi ngumu yenye spiriti kati ya kontakti, tena na tena, mpaka utoke mweupe. Anayekimbilia msasa simwamini. Msasa unachimba mifereji na kuila fedha yenyewe. Bobini ikipimwa na kuonekana imekatika, anatazama kwanza pale waya unapoingia kwenye pini. Mara nyingi umekatikia hapo, na akiufungua mzunguko mmoja tu anapata urefu wa kuulehemu upya.

Sola imemletea mitihani mipya. Rele iliyoandikwa volti 250 za umeme wa waya wa SNEL, shirika la umeme la taifa, huwa pia imeandikwa volti 30 tu za umeme wa betri, ubavuni hapo hapo, kwa herufi ndogo. Umeme wa waya hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inapata nafasi ya kufa. Wa paneli haupiti sifuri kamwe. Ukifungua kontakti, cheche inanyooka na kuendelea kuwaka hadi plastiki iyeyuke.

Swichi ya sumaku, aliyoibuni Walter Ellwood wa Bell Labs mwaka 1936, haimhitaji fundi huyu. Vibao viwili vyembamba vya nikeli na chuma vimefungiwa ndani ya kichupa cha kioo chenye gesi kavu. Sumaku ikisogea karibu vinavutana, ikiondoka vinaachana. Hakuna vumbi wala kutu. Ndiyo inayokaa kwenye kengele za milango ya maduka, na penye boya la tangi inaiambia pampu kwamba maji yamejaa. Ikiharibika inatupwa. Naistahi, ila siipendi sana.

Kuna wanaosema rele imepitwa, tutumie transista na jamaa zake, maana hazilii na hazina cha kuchakaa. Bila shaka, kama uko mahali penye anga tulivu. Utafiti uliochapishwa 2016 kutokana na data za setilaiti uliiweka Kabare, katika milima hii yetu ya mashariki ya Kongo, nafasi ya pili duniani kwa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kila mwaka. Transista ikipigwa na msukosuko wa aina hiyo mara nyingi hufia ikiwa imefunga, na umeme unaendelea kupita. Rele iliyoachia ina hewa tupu kati ya kontakti zake, na hewa hiyo fundi anaweza kuiona kwa jicho lake.