Uzi Mmoja na Spoku Mbili

Mtu wa Ifakara aambiwapo neno kufuma, fikra yake huenda kwanza kwenye vitanda vya mfumi vya kinamama wa mji huu, ambako mtande wa pamba hutandwa kwanza, kisha mshindio ukapitishwa juu na chini yake hata nguo ikatimia. Na lugha yetu, kwa ukarimu au kwa uvivu, imeipa jina lilo hilo kazi nyingine isiyo na mtande wala mshindio, ya sindano mbili na uzi mmoja wa sufu ambao kila kitanzi chake hupenya tumboni mwa kitanzi cha safu iliyotangulia.

Kazi hiyo ya pili nilijifunza bila mwalimu, wakati wa masika, mto Kilombero ukiwa umefurika na njia za mashambani hazipitiki. Ala zangu zilikuwa spoku mbili za baiskeli, nilizozinoa ncha juu ya jiwe. Kitambaa cha kwanza kilitoka kigumu kama kigae, nami nikaulaumu mkono wangu, ilhali aibu ilikuwa ya spoku: unene wake ni milimita 2 hivi, na uzi ule ulitaka vijiti vya milimita 4. Nilipochonga vingine vya mwanzi na kuvipiga msasa, nusu ya kile nilichokiita ujinga wangu ikatoweka.

Nusu iliyobaki ilikuwa hesabu. Nilianza na vitanzi 20. Baada ya safu chache nikakuta 27, na kitambaa kimetanuka mfano wa ungo. Sababu niliigundua kwa kutazama tu: mwanzo wa safu nilikuwa nikiurusha uzi juu ya sindano kuupeleka nyuma, hivyo kitanzi cha kwanza kikavutwa juu, miguu yake miwili ikajionyesha kama vitanzi viwili, nami nikaifuma yote miwili. Uzi upite chini ya sindano. Dawa ni hiyo tu.

Lakini hofu kubwa, ya kitanzi kudondoka, nilianza kuielewa kwa kutazama chandarua. Katika mji wenye maabara iliyoasisiwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1957, ambako mbu huchunguzwa hata leo, chandarua si kitu kigeni, na changu kilikuwa na tundu la panya ambalo halikuongezeka. Nacho kimefumwa kwa vitanzi, kwa mashine, ila nyuzi zake ni nyingi na kila mmoja hufungamana na jirani yake. Kitambaa changu ni uzi mmoja, na kitanzi kikiponyoka huteremka ngazi kwa ngazi. Basi nikakidondosha kimoja kwa makusudi, kikashuka safu 6, nikakipandisha kwa sindano ya kroshia hadi mahali pake. Msusi wa ukili hana fursa hiyo, kwa kuwa chane ikishakunjwa huuhifadhi mkunjo wake, ilhali sufu husahau. Tangu hapo sikuogopa.

Nikathubutu kofia ya mtoto mchanga, ambaye hata katika joto la bonde hili hupoteza joto kwa kichwa. Mzingo wa kichwa ni kama sentimita 35, sampuli yangu ilitoa vitanzi 20 kwa sentimita 10, hivyo 70. Nikapunguza 6, maana kitambaa cha namna hii hunyumbuka, na 64 hugawanyika kwa 8 wakati wa kupunguza utosini. Ilitimia siku ya nne. Mshono wake wa nyuma umepinda, wala haufichiki.