Suporti ya gita ilikula verni, na sisi tukahukumu mbio sana

Ndugu wahitimu, leo siongelei mihogo. Naongelea kesi ya chorale yetu hapa Bukavu, yenye ilitukulia siku tatu za posho jioni, na mpaka sasa kuna watu wawili hawasalimiane vizuri.

Papa mmoja wa chorale alitumiwa gita na mtoto wake mwenye anaishi Ubelgiji. Gita ya zamani, rangi ya asali. Mimi ndiye nilitumwa sokoni kununua suporti. Dolari 12. Nilifinya ile mikono yake ya mpira na kidole, nikaona ni laini, nikasema hii haiwezi kukwaruza. Kisha miezi mitatu, siku moja tunainua gita, kumbe mpira umeshikamana nayo. Pale ulikuwa unagusa, verni ilikuwa kama bonboni yenye mtoto ametema.

Papa akasema mwenye kuuzisha alipe. Mwenye kuuzisha akanijibu: "Mwanangu, niko nauzisha hizi tangu zamani, hakuna mtu alirudisha hata moja. Gita yenu ndiyo mbaya." Komite ikasema kila mtu achunge kitu chake. Wote walisema kwa nguvu, na hakuna hata mmoja aliuliza ile verni ni ya namna gani.

Hapo ndipo kesi ilikuwa. Gita nyingi za zamani zilipakwa nitroselulozi, ile ile yenye ilipakwa magari ya Marekani katika miaka ya 1920. Inakauka kwa sababu maji yake makali yanaruka hewani, basi. Haijifunge ndani kama poliuretani. Kwa hiyo hata kisha miaka 40, kitu chenye kuyeyusha kikiigusa, inalainika tena. Na plastiki laini ya PVC iko na kitu hicho ndani: ili isiwe ngumu kama tuyo, kiwandani wanaichanganya na mafuta ya kulainisha, mara nyingi ftalati, na yanaweza kufika theluthi ya uzito wake. Mafuta hayo hayakae fasi moja. Yanatoka polepole, yanaingia kwenye verni. Mpira wa kawaida pia unafanya hivyo, na mukaba wa plastiki wenye umeachwa juu ya gita vilevile. Joto linaongeza mbio. Sisi wa agronomia tulipashwa kujua: nani hajaona joint ya pulvérisateur imevimba juu ya dawa yenye mafuta?

Sasa turudi kwa maneno ya watu. "Hakuna mtu alirudisha" inaweza kuwa kweli kabisa, na haithibitishe kitu. Gita mpya za bei ndogo zenye ziko sokoni kwetu nyingi zimepakwa poliuretani ao poliesteri, na hizo haziogope mpira sana. Ni kama kusema mbegu ni nzuri Walungu kwa sababu ilizaa vizuri bondeni ya Ruzizi. Papa naye alikosea kufikiri kwamba kitu cha bei kali lazima kiwe na nguvu. Ni kinyume: Fender iliacha nitroselulozi kwa gita zake nyingi mwisho wa miaka ya 1960, lakini Gibson inaipaka mpaka leo, na gita zake si za bei ya mchezo. Na karatasi ya suporti ilisema kwa Kifaransa kwamba inalinda chombo. Inalinda na nini? Na mikwaruzo, ndiyo. Neno moja lilikosa pale, na neno hilo ndilo lilituletea kesi.

Mama mmoja wa soprano alishauri tufunge kitambaa kwenye mikono. Kinasaidia kidogo, lakini kama ni chepesi mafuta yatapita tu. Afazali gita ilale ndani ya sanduku lake. Ao upime kwanza: tone moja la asetoni, fasi yenye watu hawaone. Verni ikinata, usiiweke juu ya mpira.

Komite ilikata kwamba papa abebe hasara peke yake. Hapo nilikataa na ningali nakataa. Suporti ilinunuliwa na feza ya chorale, na mkono wenye uliichagua ni wangu. Yeye hakuiomba. Nilitoa dolari 20, tukapeleka gita kwa fundi mmoja wa meza na viti, kwa sababu wao bado wako na verni ya nitroselulozi. Uzuri wake ni huo: ile mpya inayeyuka ndani ya ile ya zamani, zinakuwa moja. Ukiangalia kwa upande, kwenye mwangaza wa dirisha, alama inaonekana bado.

Papa anakuja kuimba, lakini gita anaiacha nyumbani. Siku za ibada tunapiga yangu, ya poliuretani, na inasimama juu ya suporti ile ile.