Watu wa Chuma wa Crosby

Kwenye ufuo wa Crosby, kaskazini ya Liverpool nchini Uingereza, sanamu 100 za chuma zimesimama mchangani, zote zikitazama baharini. Zimetawanyika kwa kilomita 3 hivi za pwani wanakotembea watu na mbwa wao, na za mbali kabisa ziko karibu kilomita 1 kutoka nchi kavu. Kazi hii, Another Place, ni ya msanii Antony Gormley. Wengi huisifu kwa mandhari yake. Mimi huvutiwa zaidi na ufundi uliojificha ndani yake.

Gormley hakuchonga kitu. Mwaka 1995 alisimama wima, mwili mzima umezungushiwa nailoni nyembamba, akapakwa plasta iliyoshikiliwa na vitambaa. Kazi yake ilikuwa kutotikisika mpaka plasta ishike. Kisha ganda lile likakatwa, akatoka, vipande vikaunganishwa upya. Alirudia hivyo mpaka zikapatikana kalibu 17. Ukizipitia sanamu taratibu utaona tofauti: hii kifua kimejaa pumzi, ile mabega yamelegea. Nyuso hazina macho wala midomo inayosomeka, kwa kuwa nailoni ilizilainisha, na naona hilo limesaidia: jicho linakwenda moja kwa moja kwenye namna mtu alivyosimama.

Halafu zikaja kazi za kiwanda cha kusubu. Mchanga unashindiliwa kuzunguka kielelezo cha mwili kilichotokana na kalibu, kielelezo kinatolewa, na katika uwazi uliobaki unamiminwa uji wa chuma wenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Kila sanamu ina urefu wa sentimita 189 na uzito wa kilo 650, chuma kitupu mpaka kiini. Hapo ndipo penye mtihani. Kifundo cha mguu hupoa upesi, kifua hukawia, na chuma kikipoa hunywea. Fundi asipojua pa kuweka akiba ya uji wa chuma wa kujazia, ndani hubaki mapango ambayo hakuna atakayeyaona mpaka siku sanamu inapovunjika. Nawavulia kofia watu wa kiwandani, ambao majina yao hayatajwi mara nyingi.

Kuzisimamisha nako si mchezo. Mchanga wa pale hautulii, maji ya bamvua hupanda sana, kwa hiyo chini ya miguu kila sanamu imeshikwa na nguzo iliyozamishwa mita 3 hivi. Maji yakijaa, zilizo mbali humezwa kabisa. Yakipwa, zinatoka zikichuruzika.

Gormley hakuzipaka rangi. Aliiachia bahari, na bahari imefanya kazi kwa ustadi wake. Isogelee moja ya zile za chini: magoti na mapaja yamevaa viumbe wadogo wa magamba, jamaa ya wale wanaogandia mikuku ya majahazi, wamebanana mpaka chuma hakionekani. Zilizo juu ya ufuo zina kutu tu, ya rangi ya chungwa begani, nyeusi kwapani ambako maji hukawia kukauka. Kalibu zilikuwa 17, lakini leo huzipati mbili zinazofanana.

Kabla ya kufika hapa mwaka 2005 zilikwishasimama Cuxhaven, Ujerumani, kisha Norwei na Ubelgiji, na ilipangwa zihamie New York. Mwaka 2007 ikaamuliwa zibaki Crosby. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwani magamba na kutu vya namna hii havipatikani bila kukaa mahali pamoja kwa miaka.