Kuijua Kauri ya Mfupa Iliyoiva

Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole, akasikiliza mlio. Kipandikizi cha mfupa kilichochapwa kwa mashine, tabaka juu ya tabaka, kwa unga wa trikalsiamu fosfeti na gundi, nacho ni ufinyanzi mtupu, ila chenyewe hakigongwi. Hutazamwa, kisha aliyekitengeneza huulizwa maswali.

Anza na matundu. Mfupa mpya haukui bila mishipa ya damu, na mishipa hutaka njia. Mikromita 300 na zaidi huifaa. Lakini tundu lililochorwa kwenye kompyuta silo litokalo tanurini, maana kauri ikiiva hunywea. Katika kazi ya Susmita Bose na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2013, tundu la mikromita 500 lilibaki kama 400. Ukipewa kipimo, uliza ni cha kabla ya moto au baada yake.

Kisha hamia kwenye kuta, maana nguvu yote imo humo. Kauri haipindi. Huvunjikia penye dosari kubwa kuliko zote, hata kama sehemu nyingine ni imara kama jiwe. Chini ya hadubini, ukuta ulioiva huonyesha punje zilizoshikana bega kwa bega. Usioiva ni kama mchanga uliogusanishwa tu. Usidhani dawa ni kuzidisha moto. Ukipita nyuzijoto 1,125 hivi, trikalsiamu fosfeti ya beta huanza kugeuka alfa, hutanuka, na nyufa huingia. Magnesi kidogo huchelewesha mgeuko huo. Silika na zinki kidogo nazo huongeza nguvu, kama maabara hiyohiyo ilivyoonyesha.

Namna ya kuchoma nayo ina uzito wake. Vipande vya matundu yale ya 500 vilivyochomwa katika tanuri la kawaida vilihimili mgandamizo wa megapaskali 6.62, vya tanuri la maikrowevu, 10.95. Maikrowevu hupasha joto kipande chenyewe toka ndani, haingoji joto lipenye kutoka nje. Mfupa sponji huwa kati ya megapaskali 2 na 12 hivi, kwa hiyo hapo tumefika pazuri. Mfupa mgumu wa nje hupita 100. Anayekuahidi kwamba kipande hiki chenye matundu kitabeba uzito wa paja peke yake, mwache na bidhaa yake.

Uliza pia kiligandamizwa kwa upande gani. Kuvunjika kwa kufuata mistari ya tabaka ni dalili kwamba tabaka hazikushikana vizuri, na upande huo ndio wauzaji wengi husahau kuutaja.

Wastani usikulevye. Mimi huomba kuonyeshwa kipande kilichovunjika mapema kuliko vyote katika mafungu ya majaribio, pamoja na picha ya mahali ufa ulipoanzia. Fundi anayeijua kazi yake huwa amekitunza.